Namba sita tu, laki na nusu ikaondoka

Najua nimepotea. TP ilinibana, na niliporudi chuo nikakuta asaimenti zinanisubiri mlangoni kama wadai. Haya, leo nawaletea ya Handeni.

TP nilifanyia Handeni, nikikaa kwa shangazi. Kwetu ni Korogwe, kwa hiyo wikiendi nilikuwa napanda basi naenda kula kwa mama. Shangazi ana mtoto wa darasa la sita, mjanja kwelikweli. Simu ya mama yake anaijua kuliko mwenyewe. Hata shangazi akitaka kutuma hela, anamwita yeye.

Jioni moja ikaingia meseji ya bando la bure. Dogo akajaza namba ya mama yake. Mara jamaa akapiga, sauti ya upole kabisa: "Mdogo wangu, umetumiwa namba sita, hebu nisomee nikuwekee bando." Dogo akasoma. Bando halikuja, na WhatsApp ya shangazi ikajifunga.

Jamani, zile namba sita ndiyo funguo yenyewe. Ukimpa mtu, anafungua akaunti yako kwenye simu yake, wewe unatolewa nje. Kesho yake saa nne asubuhi, baba yangu kule Korogwe akapata ujumbe wenye jina na picha ya shangazi: "Kaka, niko hospitali, nisaidie 150,000, tuma kwenye namba hii." Dada yake wa tumbo moja, angeuliza nini? Akatuma hela aliyokuwa anadunduliza kununulia bati.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Dogo alijua tangu jioni ile kwamba ameharibu. Tulikuwa na usiku mzima. Simu moja tu kwa baba ingetosha. Lakini alinyamaza siku tatu, kila akiulizwa anasema "mtandao unasumbua". Nilipombana akajibu huku anaangalia chini, "Dada, mama angenichapa." Na kweli, shangazi alikuwa ameshakata fimbo.

Nikasimama katikati yao. Nikawaambia kitu ambacho hata nyie hamjui. Mwaka wa kwanza nililipa laki moja ya bumu kwa dalali wa chumba niliyemwona mtandaoni. Chumba hakikuwepo. Sikumwambia mtu. Mwezi mzima nakula maandazi na chai, mkiniuliza nasema najipunguza mwili. Mimi, mwalimu mtarajiwa, nilinyamaza kwa aibu. Mtoto wa miaka 12 angefanyaje?

Shangazi akakaa kimya, kisha akaitupa fimbo uani. (Alinuna wiki nzima lakini, tusidanganyane.)

Tukaisajili upya WhatsApp kwa laini yake, ikarudi. Bahati jamaa hakuwa ameweka namba yake ya siri, maana tungesubiri siku 7. Tukaweka ya kwetu, ile ya hatua ya pili. Namba ya tapeli tukaituma 15040. Hela? Haikurudi.

Wiki iliyofuata, darasani, nikabakiza dakika kumi. Nikauliza nani nyumbani kwao wamewahi kupata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Mikono karibu yote juu. Nikauliza nani amewahi kubonyeza kitu akaogopa kusema. Hakuna hata mmoja. Nikawasimulia habari ya chumba changu, wakacheka sana. Kengele ikalia, wakatoka. Wawili wakabaki mlangoni wanasukumana. "Madam, tunaweza kukuambia kitu?"

Walimu wenzangu, kumwambia mtoto "usitoe namba ya siri" ni muhimu, ila haitoshi. Mwambie pia akikosea aje mapema, na akija usimchape. Tapeli anaitegemea hofu yake. Na kama jambo ni zito, au anatishiwa, kuna 116, simu ya huduma kwa mtoto, bure.

Baba bado hajaezeka. Bumu likitoka nitampelekea chochote.

Haya, asaimenti inaniita. Tuonane wiki ijayo!