Bisibisi ya Mama Kulwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Mabatini mjini Mwanza, kitu kikiharibika hakikutupwa, kwa kuwa kingine hakikuwapo dukani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, na betri, sabuni na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni au kwa kujuana. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliposimamia msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye katoni ya betri halali alilala nayo kwa wasiwasi.

Nyumbani kwetu aliyetengeneza vitu ni mama. Hakuna aliyemwita fundi. Kwa majirani alikuwa Mama Kulwa, nasi wanawe pacha tulikuwa washika taa tu, tukifokewa kila mwanga ulipoyumba.

Kazi yake kubwa ilikuwa jiko la mchina. Moto ukigeuka wa njano na sufuria kujaa masizi, alisubiri jiko lipoe kabisa, akamimina mafuta kwenye chupa, akaziondoa silinda zenye matundu na kuvuta tambi moja baada ya nyingine. Ncha zilizoungua alizikata kwa mkasi wa kushonea mpaka zote zikalingana, maana tambi iliyozizidi nyingine kimo ndiyo inayotoa moshi. Zikiisha, alisuka nyingine. Usukumani pamba haikuwa ya kutafuta, na jirani mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha nguo cha Mwatex alituletea mabaki ya nyuzi. Nailoni aliikataa katakata: hainyonyi mafuta, na ikikutana na moto inayeyuka. Chini ya tangi mara nyingi alikuta maji yaliyochanganyika na mafuta, hayo ndiyo yaliyolifanya jiko litatarike. Moto ukirudi kuwa wa buluu alibandika chai, hakuna hotuba.

Redio ilikuwa ya baba, lakini uhai wake ulikuwa mikononi mwa mama. Betri zilizochoka alizianika juu ya jabali nyuma ya nyumba, kando ya dagaa. Zikipumzika na kupata joto, kemikali iliyobaki ndani huamka kidogo, na hicho kidogo kilitosha taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Hakuziacha zilale ndani ya redio. Kopo la betri hizo ni la zinki, nalo huliwa kadiri betri inavyotumika. Likitoboka, maji yake hutafuna springi. Springi zilizoota kutu alizisugua kwa msasa. Baba, ambaye sikumbuki akishika bisibisi, aliwaambia wageni, “Redio hii nimeitunza sana.” Mama alikuwa akiwakaribisha chai.

Chemli ikivuja tulikwenda nayo Makoroboi, mtaa unaojulikana kwa mafundi waliokata makopo matupu na kuyageuza taa. Pale mama hakuwa na haraka. Alisimama akiangalia fundi anavyosafisha bati kabla ya kuliziba kwa risasi, na safari iliyofuata tundu dogo aliliziba mwenyewe. Nadhani aliwapunguzia wateja wale mabwana.

Umeme ulipofika nyumbani, likaja jiko la koili, na hapa ujuzi wa majirani haukumfaa sana. Waya wa koili ukikatika, watu walizivuta ncha mbili na kuzisokota pamoja. Jiko liliwaka, tena kwa ukali kuliko mwanzo, na wengi walidhani limepona. Kumbe koili iliyofupishwa hupitisha umeme mwingi zaidi, hupata moto kupita kiasi, na hukatika upesi zaidi. Ukiokoa bei ya koili moja, unalipa mbili, na nyaya za ukutani zinachemka bila wewe kujua. Mama aliliona hilo kwa macho bila darasa la fizikia. Akaacha kusokota, akawa ananunua koili nzima. Fyuzi iliyoungua hakuwahi kuibadilisha kwa waya mnene, ingawa mtaani ndiyo ilikuwa desturi.

Hadi leo ukiuliza Mabatini nani anatengeneza pasi au feni, utaonyeshwa kijana wa kiume. Wazazi wenye mabinti, wapeni bisibisi na tambi za kukata. Ila kwanza waonyesheni swichi kuu ilipo, na wajue kuizima.