Bibi na Kibanda Umiza

ITV ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1994. Televisheni ya taifa ikafuata miaka michache baadaye. Sisi watoto wa Ifakara tuliijua ITV kwenye kibanda umiza, antena imefungwa juu ya mwanzi. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku tuliivumilia tu. Tulichokifuata ni maigizo ya Kaole.

Jioni hizo hizo Bibi alitusubiri kwa rozari. Tulimdanganya kwamba tunajisomea kwa rafiki. Alisali peke yake, akitutaja majina mmoja mmoja. Hilo tuliambiwa na jirani, siku ya msiba wake.

Leo seminari ina king'amuzi. Ikifika saa mbili kasorobo, baadhi yetu tunainuka kimya kimya kwenda kikanisani.