Wageni 40 kwa siku, kurasa 18: hesabu iliyonishinda Biashara Street

Najua nimepotea. Nilikuwa na deni kwa mteja mmoja, na nilijiambia sitaandika chochote mpaka nilimalize. Nimelimaliza. Basi leo nawaeleza jinsi nilivyomtia hasara mama wa watu kwa kusahau hesabu niliyofundishwa chuoni, tena mtihani wake niliupita.

Mama huyu ana duka la sare za shule pale Biashara Street, katikati ya jiji. Sweta, marinda, kaptura, soksi, mpaka tai. Mwaka juzi nilimtengenezea tovuti. Mzazi anachagua, anabonyeza kitufe cha WhatsApp, analipa kwa M-Pesa, mzigo unapelekwa. Wateja wake wengi wa mtandaoni wako upande wa magharibi: Kangemi, Uthiru, Kawangware, Lavington. Tovuti ilikuwa inapata wageni kama 40 kwa siku, na katika kila wageni 100, watatu hivi waliagiza.

Mwezi wa kumi mwaka jana akaniuliza, "Kijana wangu, hao wengine 97 wanaenda wapi?" Swali zuri. Badala ya kwenda kuwauliza, mimi nikakimbilia kompyuta.

Nilikuwa nimesoma sana kuhusu majaribio ya vigezo vingi. Wazo ni rahisi: badala ya kujaribu kitu kimoja kimoja, unabadilisha vitu kadhaa kwa pamoja na kumwonyesha kila mgeni mchanganyiko mmoja kwa bahati nasibu. Nikaandaa vichwa 3 vya ukurasa, picha 3 na rangi 2 za kitufe. Zidisha: 3 mara 3 mara 2, kurasa 18. Nikajiona fundi kweli.

Baada ya wiki tatu tulikuwa na wageni 840 na oda 25. Kila ukurasa ulikuwa umeonwa na watu kama 47. Nyingi zilikuwa na oda moja au mbili, nyingine hazikuwa na kitu. Lakini ukurasa mmoja, wenye kichwa kilichoahidi kupeleka mzigo bure popote Nairobi, ulikuwa na oda 5. Tano kwa 47 ni zaidi ya asilimia 10! Nikampigia mama simu nikiwa bado ndani ya matatu ya 46, nikamwambia tumeongeza mauzo mara tatu. Akaniamini. Akaweka usafiri wa bure kwa kila mtu, akaongea na vijana wawili wa bodaboda, tukangoja Januari.

Januari ikaja na msimu wa kufungua shule. Wageni waliongezeka kama kila mwaka, lakini walioagiza walibaki watatu kwa 100. Tofauti ni kwamba sasa kila oda ilikuwa inabeba nauli ya bodaboda hadi Uthiru, na kwa mzazi aliyenunua sweta moja, faida yote iliishia barabarani. Mama aliniita dukani, akaniwekea kitabu chake cha hesabu mbele yangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hizo oda tano ulizihesabu au uliziota?"

Usiku ule niliandika programu fupi. Niliiambia kompyuta ichukue kurasa 18 zinazofanana kabisa, kila moja iuze kwa asilimia 3, kila moja ipate wageni 47, kisha irudie mchezo huo mara 10,000. Katika zaidi ya mara 2,000, angalau ukurasa mmoja ulipata oda 5 au zaidi. Yaani hata kama kurasa zote ni pacha, mara moja kati ya tano hivi utapata "mshindi" kama wangu. Kwa ushahidi huo ndio nilimfanya mtu abadilishe biashara yake.

Kosa la pili nililiona nilipopanga namba upya. Vichwa vilikuwa vitatu, kwa hiyo kila kichwa kilionwa na watu 280. Oda zake zilikuwa 9, 8 na 8. Hakuna tofauti! Kati ya zile 9 za usafiri wa bure, 5 zilitoka ukurasa ule mmoja. Kurasa nyingine 5 zenye kichwa hichohicho ziligawana 4. Jibu lilikuwa mbele yangu tangu mwanzo, lakini nilikuwa natafuta mshindi.

Hapa wenzetu wa kilimo walitutangulia zamani. Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted kule Uingereza, alitetea mwaka 1926 kujaribu mambo kadhaa kwa pamoja katika shamba moja. Faida yake ni kwamba kila kipande cha shamba kinajibu zaidi ya swali moja. Huchagui kipande kilichostawi kuliko vyote. Unalinganisha vipande vyote vilivyotiwa mbolea na vyote visivyotiwa. Mimi ningelinganisha kurasa 9 za kitufe cha kijani na 9 za bluu, watu 420 kwa 420. Njia hii inafaa ikiwa vitu unavyobadilisha havigongani sana, na hata hivyo haiongezi wageni ambao huna.

Wageni wangapi wanatosha? Kuna kanuni ya haraka ambayo ningeibandika ukutani. Chukua kiwango cha wanaoagiza, zidisha kwa kiwango cha wasioagiza, zidisha kwa 16, kisha gawanya kwa mraba wa tofauti unayotaka kuiona. Tukitaka kujua kama tumetoka asilimia 3 hadi 4, tunatumia wastani wa 3.5: 0.035 mara 0.965 mara 16, gawanya kwa 0.0001. Jibu ni kama 5,400 kwa kila ukurasa. Kwa kurasa mbili na wageni 40 kwa siku, hiyo ni siku 270. Kwa kurasa 18 ni zaidi ya miaka sita na nusu. Mtoto aliyenunuliwa sare ya Gredi ya 1 angemaliza shule ya msingi sisi tukiwa bado tunapima rangi ya kitufe.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu havikuniambia. Kuki, kile kijifaili ambacho tovuti huacha kwenye kivinjari ili ikukumbuke, haimjui mtu, inajua kifaa. Mzazi anafungua ukurasa kwenye simu akiwa kwenye foleni Waiyaki Way, anaufungua tena kwenye kompyuta ya ofisi, halafu anamtumia mumewe kiungo. Sisi tunahesabu wageni watatu, na huenda wakaona kurasa tatu tofauti. Mama mmoja alifika dukani akilalamika kwamba simu ya mumewe ilisema usafiri ni bure, yake ikadai shilingi 200. Alikuwa na haki.

Basi tulifanyaje? Kwanza nilirudisha ada yangu ya kazi ile. Pili, mama alinipa kiti nyuma ya kaunta nikakaa siku mbili. Mwaka 2000 Jakob Nielsen aliandika kwamba kuangalia watumiaji watano tu kunatosha kuona matatizo mengi ya tovuti. Mimi sikufika watano. Karibu kila mzazi aliyeingia aliuliza swali lilelile: "Sweta ya shule fulani, saizi 28, ni pesa ngapi?" Tovuti yangu maridadi haikuwa na bei hata moja. Ilisema "wasiliana nasi".

Tatu, tulijaribu kitu kimoja kikubwa: ukurasa wa zamani dhidi ya ukurasa unaoanza na bei na saizi kwa kila shule. Na hatukupima oda, kwa sababu ni chache mno. Tulipima waliobonyeza kitufe cha WhatsApp, ambao walikuwa kama asilimia 20. Kuona ongezeko hadi 30, kanuni ile inasema wageni 300 kwa kila ukurasa, siku 15. Tukaweka wiki tatu kamili ili kila siku ya wiki ihesabiwe sawa, na mama akanikataza kuchungulia matokeo kabla ya mwisho. Matokeo: 84 kati ya 420 kwa ukurasa wa zamani, 134 kati ya 420 kwa ule wa bei. Pengo hilo si rahisi bahati peke yake ilitoe. Oda bado tunazifuatilia kwenye kitabu chake, maana kubonyeza si kununua.

Vifaa vinakuja na kwenda. Google Website Optimizer ilianza 2006 ikafungwa 2012, na Google Optimize nayo ikafungwa 2023. Hesabu ya wageni haijabadilika. Hata Edward Miguel na Michael Kremer, walipopima dawa za minyoo kwa wanafunzi wa Busia kuanzia 1998, walikuwa na shule 75 na wanafunzi zaidi ya 30,000, na bado waligawa makundi matatu tu. Mimi na wageni wangu 40 niligawa kumi na nane!

Usafiri wa bure sasa ni kwa oda kubwa tu. Mama ananiita bado "kijana wangu", ila kila nikimpelekea namba anauliza kwanza, "Ni watu wangapi hao?" Ukiwa na duka dogo mtandaoni, muulize fundi wako swali hilohilo kabla hajakuonyesha asilimia.

Haya, stima imerudi na kazi inaningoja. Tuonane wiki ijayo.