Magunia ya Shangazi na Joto la Dunia

Wenzangu wa Jiografia huniuliza Kiswahili na setilaiti vinakutana wapi. Mimi ninayesoma vyote viwili huwajibu: vinakutana dukani kwa shangazi yangu, Mbale.

Dunia nayo ni kama duka, ina kinachoingia na kinachotoka. Kwa wastani, kila mita ya mraba hupokea wati 340 hivi za jua. Takriban 100 hurudishwa angani na mawingu, mchanga na barafu. 240 zilizobaki hazina budi kutoka kama joto ili hesabu ilingane. Hesabu ya duka zima haifanyiki ukiwa ndani yake. Ndiyo maana setilaiti za Terra, iliyorushwa 1999, na Aqua, 2002, zilibeba vipimo viitwavyo CERES. Vimeonyesha kuwa kinachotoka ni pungufu kidogo kuliko kinachoingia, kwa kuwa hewa ya ukaa huzuia joto. Sehemu kubwa ya ziada hiyo humezwa na bahari.

Kwetu Jinja tunaishi kando ya Ziwa Viktoria, ambalo hurudisha mwanga kidogo na kumeza mwingi. Joto hilo hugeuza maji kuwa mvuke, na hewa iliyopata joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi. Mvua inapokuja, huja kwa kishindo.

Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale. Watu zaidi ya 20 walifariki. Shangazi alipoteza magunia yote ya maharage.

CERES huona eneo la kilomita 20 hivi kwa wakati mmoja, Nabuyonga haumo. Setilaiti hutueleza kwa nini hatari inakua, lakini haitaji usiku wenyewe. Hapo tunahitaji vipimo vya mvua kwenye miteremko ya Elgon, na onyo linaloeleweka sokoni, ambako Mgisu, Mteso na mfanyabiashara kutoka Bungoma hupatana bei kwa Kiswahili. Mwezi uleule wa mafuriko, tarehe 5, Baraza la Mawaziri lilikuwa limeridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi Uganda.

Nilipomweleza shangazi haya yote, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Sasa mwanangu, nani ataniambia ni lini niyainue magunia?” Swali hilo ndilo nililolichagua kwa utafiti wangu wa mwaka wa tatu.