Alitaka samaki wa bahari, akapata mama wa Ziwa Kivu

Bukavu, Kivu ya Kusini – Katika parseli moja ya tarafa ya Kadutu, juu ya meza ya mbao, kuna sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Ndani mna mawe, maji na visamaki. Watoto wa majirani hupita kila jioni kuviangalia. Wengi hawajui kwamba sanduku hilo lilianza kwa machozi.

Mwenye sanduku ni fundi vioo aliyekimbia Minova Januari 2025, vita vilipofika huko. Alikuja na mke wake na watoto wanne, wakapokelewa na shangazi yake katika vyumba viwili. Mtoto wa tatu, mvulana wa miaka tisa, alikuwa karibu ameacha kusema. Kule Minova alizoea kushuka ziwani kila asubuhi na babu yake mvuvi. Hapa Bukavu aliliona ziwa kwa mbali tu, kutoka mlimani.

Jioni moja, kwa jirani mwenye televisheni, watoto waliangalia filamu ya Nemo, yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Kesho yake mtoto akamwendea baba yake. «Papa, wewe unakata vioo. Unitengenezee nyumba ya yule samaki.»

Tangu wafike Bukavu hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Baba hakuweza kukataa. Alichukua vipande vilivyobaki kazini, akaviunganisha kwa silikoni, akaviacha siku kadhaa vikauke. Kisha akaenda kuuliza kwa mwalimu mmoja mstaafu wa biolojia anayekaa kwenye barabara hiyohiyo.

Mwalimu hakuwacheka. Alieleza kwamba samaki klauni ni wa bahari yenye joto, kama Bahari ya Hindi, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bukavu. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Kwa sanduku la lita 54 ni karibu kilo mbili, na si chumvi ya jikoni, kwa sababu maji ya bahari yana pia magnesiamu, kalsiamu na vingine. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi inabaki, kwa hiyo kila mara ni lazima kuongeza maji baridi, la sivyo chumvi inazidi. Tena klauni anataka joto la nyuzi 24 hadi 27, usiku na mchana. Kwenye mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku ni baridi. Ingehitajika hita, na hita inataka umeme usiokatika.

«Umeme usiokatika, Mwalimu?» baba akauliza. Wote wawili wakacheka.

Mtoto hakucheka. Mwalimu akamgeukia, akamwambia jambo ambalo filamu haikusema: klauni wote huzaliwa madume, na mkubwa wa kundi ndiye anayegeuka jike. Kisha akamuuliza: «Na wale wa ziwa lako, unawajua?»

Akamweleza kwamba Ziwa Kivu lina karibu aina 15 za samaki wadogo wa jamii ya Haplochromis, ndugu wa mbali wa tilapia, ambao ni wa huku Kivu tu. Wanaishi kati ya mawe karibu na ufuko, na madume yao yana rangi. Maji ya nyumbani si baridi mno kwao. Hata sambaza tunaowala kila siku, mwalimu aliendelea, si wenyeji: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. «Walifika kama wageni, na leo ndio wanaotulisha.»

Mvuvi mmoja aliwapa visamaki vinne alivyovua kwa ndoano ndogo. Mwalimu alikuwa amekataza chandarua, maana kinakomba mpaka watoto wa samaki.

Asubuhi iliyofuata wote wanne walikuwa wamekufa. Mtoto alilia, halafu akanyamaza siku mbili. Kosa lilikuwa dogo: sanduku lilijazwa maji ya bidoni ya kunywa, ambayo mama alikuwa ametia klorini kwa kuogopa kolera. Klorini inayolinda watu inaunguza mashavu ya samaki. Mama hakukosea, na aliendelea kutibu maji ya watoto wake. Kilichobadilika ni kwamba samaki walipewa bidoni yao, iliyoandikwa kwa makaa. Maji ya bomba yanakaa humo wazi siku mbili, ili klorini iondoke, kabla ya kutumiwa.

Mara ya pili samaki wawili waliishi siku sita. Safari hii kosa lilikuwa haraka, pamoja na huruma: mtoto aliwapa ugali mara nne kwa siku. Chakula kilichooza na mavi ya samaki vinatoa amonia, nayo ni sumu. Katika sanduku lililokomaa kuna bakteria wasioonekana wanaokaa kwenye mawe. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na hatari kubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne mpaka sita kuongezeka. Kwa klauni wa bahari au kwa samaki wa Kivu, sheria ni hiyohiyo.

Basi wakangoja wiki tano wakiwa na mawe ya ufukoni, maji, pampu ndogo ya hewa yenye betri, na chembe za chakula za kuwalisha bakteria. Pampu iliponyamaza, mtoto aliteka maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili hewa iingie.

Mama alikuwa na neno lake. Bidoni ya lita 20 inapandishwa mlima kwa mgongo, na yeye ndiye anayeipandisha. Walikubaliana hivi: kila wiki wanatoa lita kumi za zamani na kutia lita kumi mpya, na zile za zamani zinamwagiliwa lengalenga zilizopandwa kwenye magunia. Nitrati ni mbolea, na mboga zimestawi.

Samaki watatu walioingia baadaye hawakufa. Lakini mmoja aliacha kula, akajificha nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba. Baba alidhani ni ugonjwa, akataka kumtoa. Mwalimu akaja, akaangalia, akasema: «Mwacheni. Huyu ni mama.» Jike wa aina hii hutunza mayai na watoto mdomoni, na kwa wiki mbili au tatu hali.

Asubuhi moja mtoto aliita nyumba nzima. Visamaki vidogo kama punje za mchele vilikuwa vikiogelea mbele ya mama yao. Mtu alipogonga meza, vyote vikarudi mdomoni.

Mama wa nyumba alisimama pale muda mrefu. «Hata mimi njiani sikula,» alisema, kisha akarudi jikoni.

Mtoto alihesabu visamaki kumi na kimoja. Sasa ndiye anayewaeleza majirani: usitie klorini, usilishe kupita kiasi, ngoja wiki tano, na ukishaingiza mikono kwenye maji hayo, nawa kwa sabuni.

Klauni bado anamtaka. Mwalimu amempa sharti moja: kwanza miezi sita bila samaki kufa. Amefika mwezi wa tatu.