Mshipi wa Sajini

Sajini mmoja aliyestaafu polisi na kujenga karibu na Tororo, Uganda, alikuwa na mshipi wa ngozi wa siku zake za kazi. Kila alipozidi kunenepa aliutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, hata ikawa hapana tena pa kutoboa. Majirani walimsifu, na mkewe alifurahi, kwani tumbo la mume ni sifa ya jiko la mke.

Siku alipopimwa, kiuno kilikuwa sentimita 118, shinikizo la damu 150 kwa 95, na sukari kabla ya kula miligramu 160. Madaktari hutazama mambo matano: kiuno, shinikizo, sukari, wingi wa mafuta katika damu, na upungufu wa yale mafuta yanayolinda mishipa. Mwenye matatu huambiwa ana sindromu ya metaboli, njia ya kuelekea maradhi ya moyo na kiharusi. Sajini alikuwa nayo manne, na kisukari kilikwisha ingia.

Alipunguza posho, zikatoka kilo nane. Mwaka haukwisha zikarudi kumi. Wengine walimcheka, bure tu, maana mwili uliopungua huzidisha njaa ili ujirudishie kilichotoka.

Mwanawe alipotaja upasuaji, mama alishtuka. "Mzee, wakakukate mafuta kama nyama ya buchani?" Sivyo. Mafuta hayaguswi. Daktari hutenga sehemu ndogo ya tumbo la chakula na kuiunga na utumbo, chakula kikapita njia ya mkato. Edward Mason na Chikashi Ito walianza kazi hiyo huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, wakitafuta kupunguza uzito. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa North Carolina walieleza jambo la ajabu zaidi: wagonjwa wao wengi wa kisukari walirudia sukari ya kawaida, tena ilishuka katika siku chache, uzito ungali vile vile. Utumbo nao hutoa homoni zinazoiamuru sukari.

Kiwanja kiliuzwa, wakaenda India.

Taabu ya mama ilianza waliporudi. Mume alikula kibakuli cha mtoto, akasukuma kando. Mawifi wakanong'ona kwamba anamnyima chakula. Siku moja dada mtu alimshurutisha kaka yake anywe chai ya vijiko vinne vya sukari. Kitambo kidogo akatokwa jasho, moyo ukamwenda mbio, akalazwa mkekani. Tangu hapo mama huwaonyesha wageni vidonge vya madini na vitamini ambavyo mumewe atavimeza maisha yake yote, kisha ndipo hupakua.

Sukari sasa ni 104. Kidonge cha shinikizo bado yumo nacho. Mshipi umerudi hadi tundu la tatu, na ncha yake ndefu yaning'inia. Mama ataka kuukata, Sajini amekataa.