Mkate wa Celer

Jumatatu, 13 Januari

Kidato cha Kwanza wameingia leo, vijana 38, mashati yao bado yana mikunjo ya dukani. Kabla sijagusa chaki niliwauliza saa ngapi. "Saa tatu, Mwalimu!" Nikaandika ubaoni *hora tertia*, saa ya tatu. Mrumi wa kale naye alianza kuhesabu saa jua lilipochomoza, na jua la utosi lilimkuta saa sita kama linavyotukuta sisi. Hawakuhitaji maelezo zaidi. Kitabu chetu cha kiada kimeandikiwa watoto wa Ulaya, na jambo hilo kimelieleza nusu ukurasa.

Tofauti ipo moja. Mrumi aliugawa mchana mafungu 12, uwe mrefu au mfupi, na Roma iko mbali na ikweta. Hivyo saa yake ya kiangazi ilikaribia dakika 75, na ya majira ya baridi ilipungua hadi kama 45. Kijana mmoja akauliza iwapo walimu wa huko walifundisha kidogo wakati wa baridi. Nimelipenda swali hilo. Mtoto ameshafika Roma.

Alhamisi, 16 Januari

Leo tulikuwa na *agricola*, mkulima. Neno hili huwasumbua wengi: linaishia na -a kama maneno ya kike, mfano *puella*, msichana, lakini mkulima wa Kirumi ni mwanamume, kwa hiyo sifa humfuata mtu, haiufuati mwisho wa neno. Ni *agricola bonus*, si *bona*. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, nikayaacha. Niliandika tu: kiboko … amelala. "Mkubwa!" Kwa nini si kikubwa, na kiboko ameanza na ki-? Kimya kidogo, kisha sauti kutoka dawati la nyuma: "Kwa sababu ana uhai, Mwalimu."

Basi, *agricola* ndiye kiboko wa Kilatini. Miaka yote hii nimefundisha sarufi hii kwa kupitia Kiingereza, lugha isiyo na ngeli, sawa na kumzungusha mtu porini aende sokoni ilhali nyumba yake iko mlangoni pa soko. Kiswahili hufunga mzigo kichwani mwa neno, Kilatini hufunga mkiani: ni-na-penda, *am-o*. Kwetu na kwao, anayependa yumo ndani ya kitenzi.

Jumatano, 22 Januari

Padre Gombera amenisimamisha nje ya bwalo. Anauliza kwa nini muda unaishia kwenye mikate na mabafu ya Warumi wakati vijana wanahitaji Kilatini cha liturujia. Swali la haki. Nimemwomba anivumilie muhula mmoja, kisha tutazame mtihani. Amekubali.

Jumanne, 28 Januari

Nimesahihisha madaftari 38, na karibu yote yameandika *servus*: mtumishi. Najua walikolitoa. Kanisani watumishi tunao wengi, na lile jina ambalo Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alijiita katika barua zake, *servus servorum Dei*, sisi tunalisema mtumishi wa watumishi wa Mungu. Lakini mtu wa hadithi zetu za Roma alinunuliwa, akachapwa, na watoto wa mtumwa mwanamke walikuwa mali ya bwana wake tangu kuzaliwa. Huyo ni mtumwa. Nami naamini Gregori alijua uzito wa neno alilojichagulia, maana katika Roma yake watumwa walikuwapo.

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni pale mwaka 1868 waliwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Bibi yangu hakutaka neno hilo litamkwe ndani ya nyumba yake, wala hakutueleza sababu. Leo nimeliandika kwa wino mwekundu, daftari baada ya daftari, na mkono ulikuwa mzito.

Jumatatu, 3 Februari

Nimewaletea picha ya mkate. Umetoka Herculaneum, mji uliofukiwa pamoja na Pompeii mwaka 79, Vesuvius ulipolipuka. Joto liliugeuza mkaa, umbo likabaki: wa duara, umetiwa mistari ya kuumegea kutoka katikati, na mhuri uliogandamizwa unga ukiwa bado laini. Pengine ulipelekwa kwenye tanuri la watu wengi, na kila mmoja alitaka kuutambua wake.

Tulisoma mhuri herufi kwa herufi. *Celeris Q. Grani Veri ser.* Mkate wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Nilikuja kufundisha umbo la umiliki, ile kazi ambayo kwetu hufanywa na -a unganifu, na hapa umiliki umo ndani ya umiliki. Walipoandika tafsiri wakaona jambo ambalo sikulipanga. Mkate wa, mtumwa wa. "Wa" ya kwanza ni ya ngeli ya mti na ya pili ni ya mtu, lakini kwa sura huwezi kuzitofautisha. Mkate una mwenyewe, na mwenye mkate naye ana mwenyewe.

Celer maana yake mwepesi. Watumwa wa Roma walipewa majina ya namna hiyo. Felix, mwenye bahati, ni mojawapo. Nikawatajia Mabruki, aliyebarikiwa, jina walilopewa watu utumwani hapa pwani. Darasa lilinyamaza mpaka kengele.

Alhamisi, 6 Februari

Nilisita kuwaeleza Varro, kisha nikaona wanaweza kumbeba. Katika kitabu chake cha kilimo anataja mgawanyo wa vyombo vya shamba katika makundi matatu: vyenye kusema, yaani watumwa, vyenye sauti isiyo maneno, kama ng'ombe, na vilivyo bubu, kama mikokoteni. Kijana yule yule wa kiboko akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo, Mwalimu, mtu amemtia KI-VI."

Nilimwita mbele aiandike ubaoni kwa mkono wake. Iko pale hadi jioni hii. Nimemwambia wa zamu asiifute.

Jumatano, 12 Februari

Zoezi lilikuwa fupi: sentensi moja yenye jina Celer. Wengi wameandika *Celer panem portat*, Celer amebeba mkate. Ni sahihi, na kitenzi kimetoka kitabuni. Wanne wameandika *panis* mahali pa *panem*; nitarudia kesho.

Daftari moja nimelisoma mara mbili. *Celer panem suum edit*. Celer anakula mkate wake. *Suum* hatujafika, iko sura ya tisa. Baada ya uji wa saa nne nilimwita mwenye daftari nimuulize ameitoa wapi. Amesema juzi, wakati wa masomo ya jioni, alikwenda kwa kaka wa Kidato cha Tatu kuuliza kama Kilatini kina "wake" ya kuonyesha kwamba mkate ni wake yeye Celer, si wa Granius.